Ukoo wa Wanaume Watupu

Mutalemwa alipostaafu kazi ya ubwana shamba hakufungua duka la pembejeo kama wenzake. Alirudi Kamuli, kwenye kibanja alichoachiwa na baba yake, akajenga kibanda cha nyasi nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, akatangaza kwamba hicho ni cha mababu. Watu walimshangaa kidogo, kisha wakazoea. Alikuwa mtu mrefu, nadhifu, mwenye sauti nzuri ya kusimama mbele za watu, na kwa miaka mingi sauti hiyo ilikuwa imetumika kuhimiza kupogoa mibuni tu.

Mke wake, Xaveria, alikitazama kibanda siku ya kwanza akauliza kama kuku wataruhusiwa kutagia humo. Yeye alikuwa Mhaya wa Muleba, Mkatoliki wa rozari mfukoni, fundi cherehani, na mtu wa mizaha. Lakini alimjua mumewe. Alijua kwamba Mutalemwa akiwa mdogo, mwinjilisti mmoja alikuja kubomoa kibanda cha babu yake, na watoto wakaambiwa wapige makofi kila ufito ulipoanguka. Babu alisimama pale pale, kofia mkononi, akitazama. Mutalemwa alikuwa amemsimulia mkewe jambo hilo mara moja tu katika ndoa yao, na Xaveria hakuhitaji kulisikia tena. Kwa hiyo maswali ya kuku yalipokwisha, alichukua ufagio.

Kwa desturi ya ukoo ule, mke wa nyumba ndiye hufagia kibanda, hutandika nyasi mpya, na kuingiza kibuyu cha lubisi, ile pombe ya ndizi, huku akiwasalimu mababu kabla ya mtu mwingine yeyote kufungua mdomo. Xaveria aliwasalimu kwa Kihaya cha kwao, kwa sababu Kinyambo chake, lugha ya ukweni, kilikuwa na kasoro, akawaarifu kwamba Jumapili huenda kanisani na wasije wakaona ajabu.

Basi watu wakaanza kuja. Kwanza majirani, kisha watu wa Nkwenda, wengine kwa imani na wengine kwa lubisi. Wakajiita Wajukuu. Shangazi yake Mutalemwa, Bibi Costansia, aliletwa kwa bodaboda kutoka Ihanda alikoolewa, ameketi upande, mkoba mapajani, akimwamuru dereva apunguze mwendo kila walipopita nyumba ya mtu anayemfahamu, ili aonekane. Dereva huyo alikuwa Niyigena. Babu yake Niyigena alivuka mto Kagera kutoka Rwanda akaomba mahali pa kulima, akapewa, na wajukuu zake wamezaliwa na kukulia Nkwenda. Siku ya kwanza Niyigena alikuja kama dereva tu. Akaiona ngoma inavyoteswa na mtu asiyeijua, akaomba aijaribu, na tangu hapo haikuwa na mpigaji mwingine.

Kila mkutano ulipopamba moto Mutalemwa alisimama mbele ya kibanda akawataja baba zake mmoja mmoja, na Bibi Costansia akamwitikia kwa wimbo. Alichoimba Bibi hakuna aliyekisikia vizuri, maana hapo ndipo Niyigena alipoipandisha ngoma mpaka watu wakausahau umri wao. Walipenda hivyo.

Mtu mmoja alirekodi mkutano kwa simu, akaurusha mtandaoni, na video ile ikatembea. Ikafika kaskazini mwa Ulaya kwa mtu aitwaye Halvard. Halvard akamwandikia Mutalemwa kwamba yeye pia amerudi kwa mababu zake. Kwao, alisema, dini ya zamani ilizimwa na makasisi miaka elfu iliyopita, na sasa yeye na wenzake wanaiwasha upya. Hukutana msituni, humwaga pombe ya asali ardhini, humwita mungu wa ngurumo kwa jina lake la kale.

Mutalemwa aliusoma ujumbe huo akiwa ameketi kitandani, kisha akausoma tena akiwa amesimama. Alimfuata Xaveria kwenye cherehani, akamwambia kwamba kuna Mzungu ambaye naye alibomolewa kibanda.

Wakaandikiana miezi mingi. Mwishowe Halvard akaja.

Alikuwa mkubwa kama mlango, ndevu za rangi ya mahindi, nywele zimesukwa mkia mmoja mgongoni, na shingoni alining'iniza nyundo ndogo ya chuma. Nyundo hiyo ndiyo iliyomfungulia mioyo ya watu. Karagwe ya zamani, ambayo Kamuli ilikuwa sehemu yake, ilikuwa nchi ya wahunzi, na hata wafalme wake waliweka nyundo miongoni mwa vitu vyao vya heshima. Bibi Costansia aliishika ile nyundo ingali shingoni mwa mgeni, akaivuta karibu na macho yake, Halvard akalazimika kuinama na kubaki ameinama, naye Bibi akauliza huyu ni wa nyumba ipi ya wahunzi. Mutalemwa akatafsiri kwamba nyundo ile ni ya mungu wa ngurumo. Bibi akasema ni sawa, mhunzi na ngurumo ni majirani, akamwachia.

Alikuwa mgeni wa kupendeza. Alimenya ndizi pamoja na wanawake, akachota maji bila kuambiwa. Senene wa kukaanga, wale panzi wa msimu, aliwachunguza kwa muda mrefu kama mtu anayesoma karatasi ya dawa, akaonja mmoja, na tangu hapo bakuli ilibidi lifichwe. Alipoonyeshwa kibanda alivua viatu, akapiga magoti kwenye majani makavu ya migomba, akalia. Mutalemwa alilazimika kugeuka upande. Katika maisha yake yote hakuwa amemwona Mzungu, wala kasisi, wala ofisa yeyote, akikililia kitu cha babu yake kwa heshima.

Jambo moja tu lilikuwa geni. Wajukuu walipokutana, Halvard hakukubali kuketi nao. Alisimama nje ya duara, kwenye mibuni, mikono kifuani. Akipewa kahawa ya kutafuna, ile wapewayo wageni wote, aliikataa kwa upole. Watu wakasema ni adabu ya kwao.

Maelezo yalikuja siku chache baadaye, sebuleni, wawili hao wakinywa chai. Halvard alisema asingeweza kula wala kunywa mbele ya mababu wasio wake, maana mababu wako kwenye damu. Kila taifa na damu yake, kila damu na miungu yake. Kuchanganya ni kuua. Alisimulia kwamba huko kwao kulikuwa na watu waliotaka kuimba nyimbo zile na kumwaga pombe ile, wakati babu zao walitoka mbali, wengine kusini, wengine Asia, mmoja hata Afrika. Yeye na wenzake wakawaondoa. Si kwa chuki, alisema. Kwa upendo wa kilicho safi. Halafu akauliza, kwa sauti ile ile ya upole, yule mpiga ngoma ni wa damu ya hapa?

Mutalemwa aliweka kikombe chini. Akasema babu yake Niyigena alitoka ng'ambo ya mto.

Halvard alitikisa kichwa taratibu, kama daktari.

Ungedhani mtu mzima wa akili kama Mutalemwa angecheka. Hakucheka. Alikuwa ameambiwa tangu utoto kwamba vya kwao ni vya shetani, na sasa mtu wa rangi ile ile ya waliomwambia hivyo amekuja kumwambia kwamba vya kwao ni vitakatifu, tena vitakatifu mno hata si kila mtu anastahili kuvigusa. Sifa hiyo ilimpanda kichwani haraka kuliko lubisi. Katika mkutano uliofuata alisimama, akakohoa, akatangaza kwamba kuanzia sasa Wajukuu watakuwa wale ambao baba zao ni wa udongo huu. Wengine wanakaribishwa kutazama.

Watu waliangaliana. Mfugaji mmoja mwenye asili ya Ankole, ambaye kila mara alileta maziwa, alichukua chombo chake na maziwa yake akaenda bila kuaga. Niyigena alikuwa bado amekaa nyuma ya ngoma. Alifikiri kidogo, akainuka, akajipangusa suruali.

"Mzee, ngoma ni ya hapa, siwezi kuichukua," alisema. "Ila mikono ni ya Rwanda. Hii nitaondoka nayo."

Akamuaga Bibi Costansia, akawasha pikipiki.

Xaveria alikuwa ameyasikia yote hayo akiwa mlangoni na kibuyu. Walipobaki wawili, yeye kwenye cherehani na mumewe kwenye kiti, aliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye mshono.

"Baba Mwesiga, na mimi je?"

Mutalemwa alisema yeye ni wa nyumba hii, ameolewa hapa, mke huhesabiwa na mumewe.

"Kwa hiyo damu yangu ilihama siku ile washenga walipoafikiana."

Mutalemwa alisema mkewe anajua vizuri yeye alimaanisha nini. Xaveria akasema hapana, hajui, lakini kama sheria ni sheria yeye hatakuwa mtu wa kuivunja. Tena alisema kwa furaha, kama mtu aliyepunguziwa kazi.

Kuanzia siku hiyo alikuwa raia mwema kuliko wote. Alipika, alishona, alimcheka Halvard alipojaribu Kihaya, alilala pale anapolala siku zote. Lakini kibanda hakukigusa. Ufagio aliuegemeza mlangoni kwa uangalifu, kama kitu cha jirani. Mutalemwa akimkumbusha kuhusu nyasi, alisema mikono ya Muleba isije ikachafua. Akimwomba awasalimu wazee, alisema anahofia wataisikia lafudhi.

Na sherehe kubwa ilikuwa inakuja, ile ya lubisi mpya, ambayo Halvard alikuwa amesafiri na kamera yake ili airekodi kwa ajili ya wenzake wa msituni.

Mutalemwa akaanza kutafuta mwanamke wa kuingiza kibuyu. Alikwenda kwa wake za kaka zake. Mmoja alikuwa wa Ngara, mwingine wa Bukoba, wa tatu wa upande wa Uganda. Wa nne alikuwa wa Kamuli hapo hapo, lakini alipoulizwa alisema bibi yake alikuwa Muha, na kwa hiyo anaomba radhi. Alisema hivyo akiwa ameuma khanga ili asicheke. Mutalemwa alielewa kwamba Xaveria alikuwa amemtangulia kufika huko.

Ndipo akaenda Ihanda kwa Bibi Costansia mwenyewe. Huyu alikuwa binti wa ukoo, damu yenyewe, hakuna wa kumtilia shaka. Alimkuta uani akianika maharage. Akampa shikamoo, akaeleza haja yake. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Wewe unataka mimi niwafagilie baba zangu," alisema. "Mimi binti. Nije kwetu nishike ufagio, kama nimeolewa na kaka yangu."

Mutalemwa aliona haya mpaka masikioni. Bibi akaendelea na maharage yake, akamweleza kwamba nyumbani kwao binti huja kulishwa na kuimba. Kufagia alishafagia Ihanda, kwa mababu za mumewe, watu asiowajua hata kwa sura, mpaka mgongo ukapinda. Ndivyo ilivyo kila mahali. Anayefagia siku zote ametoka kwingine. Mutalemwa alijua hivyo tangu utoto, maana watu wa ukoo mmoja hawaoani, lakini ilikuwa mara ya kwanza analazimika kulifikiria. Alirudi Kamuli akaamua kwamba atafagia mwenyewe.

Siku ya sherehe jua lilikuwa kali na watu walikuwa wengi. Habari za ufagio zilikuwa zimefika Nkwenda, na wapo waliokuja kwa ajili hiyo tu. Mutalemwa, amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, aliinama kwenye mlango mdogo wa kibanda, akafagia. Vumbi lilimrudia usoni. Alitandika nyasi zikakaa kama kiota. Alipoingiza kibuyu alisahau kwamba mke hutanguliza goti na si kichwa, akagonga mwamba wa mlango, lubisi ikamwagika kwenye kanzu kuanzia kifuani. Hakuna aliyecheka kwa sauti. Ilikuwa mbaya zaidi hivyo.

Kwenye mibuni, nje ya duara, walisimama watu watatu. Halvard na kamera yake. Xaveria, amevaa kitenge chake kizuri kuliko vyote na kilemba kilichosimama. Na Niyigena, aliyemleta Bibi Costansia na sasa alikuwa anamsubiri abiria wake, kwa kuwa kazi ni kazi. Halvard alimwuliza Xaveria kwa ishara kwa nini yuko huku. Xaveria alimjibu kwa Kiswahili polepole, kwamba hapa ndipo wanaposimama wageni, na akamsogezea bakuli la senene, naye mgeni akasahau mwiko wake. Mutalemwa aliwaona watatu wale wakitafuna pamoja. Hakutafsiri.

Ngoma alikuwa amepewa binamu mmoja. Aliipiga kama mtu anayefukuza nyani shambani, akachoka mapema, akaacha.

Basi Mutalemwa alipofika mahali pa kuwataja baba zake, palikuwa kimya kabisa. Alisimama wima, kanzu imelowa, akatoa ile sauti.

"Mimi ni Mutalemwa wa Pastory."

Bibi Costansia, kwenye kigoda chake, akaimba jibu kama alivyoimba siku zote. Safari hii kila mtu alimsikia. Aliimba kwamba Pastory alibebwa na Nyamwiza, binti wa nchi ya Mpororo, aliyekuja kwa miguu akiwa na kidonda kisiginoni.

Mutalemwa akaendelea. Pastory wa Rwakashaija. Bibi akaimba kwamba Rwakashaija alibebwa na Nyirabashumba, binti wa Gisaka, ng'ambo ya mto, aliyefundisha nyumba hii kusaga ulezi. Kule kwenye mibuni Niyigena aliacha kutafuna. Gisaka ndiko alikotoka babu yake.

Rwakashaija wa Byabato. Byabato alibebwa na Kokutona, binti wa Ihangiro, mweupe wa meno, mkali wa ulimi. Ihangiro ndiyo Muleba ya leo. Watu wakageuka kumtazama Xaveria. Naye akarekebisha kilemba.

Mutalemwa alianza kupunguza sauti. Byabato wa Kashumba, alisema, karibu kwa kunong'ona, na hapo Bibi hakuimba mara moja. Alinyamaza kidogo, kama alivyonyamaza siku zote mahali hapo, ingawa zamani ngoma ilikuwa ikiufunika ukimya huo. Kisha akaimba kwamba Kashumba alibebwa na yule aliyekutwa amekaa njiani wakati wa vita, mtoto wa watu, ambaye lugha yake hakuna aliyeielewa. Hakupata kulisema jina lake. Tunamwita Mama wa Njiani. Mama wa Njiani, ulitunyonyesha.

Bibi alikuwa anafuta macho kwa ncha ya khanga. Alikuwa ameuimba mstari ule tangu akiwa msichana, na hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kuona watu wanausikiliza.

Halvard aliinua mkono kutoka kwenye mibuni, akauliza kwa Kiingereza mama mzee anasema nini.

Mutalemwa angeweza kusema chochote. Katika duara lile hakuna mwingine aliyekijua Kiingereza kwa kiwango cha kumkosoa, na kwa muda wa pumzi moja aliona jinsi ilivyo rahisi: anaomba mvua, anawasifu ng'ombe. Alimtazama shangazi yake na macho yake mekundu. Akatafsiri. Alitafsiri kidonda cha kisiginoni, na ulezi, na ulimi mkali, na vita, na yule asiye na jina. Sauti yake ilipanda kadiri alivyoendelea, na alipomaliza alikuwa amesimama vile alivyosimama siku zote akiwataja baba zake.

Halvard aliizima kamera. Hakuonyesha dharau. Alionekana mtu aliyesafiri mbali na kukuta duka limefungwa. Akauliza kwa upole kama katika wilaya hizi, pengine ndani zaidi, ipo familia nyingine ambayo haijachanganyika.

"Haijachanganyika na nini?" Mutalemwa aliuliza.

"Na wageni."

"Hawa si wageni. Hawa ni mama zangu." Mutalemwa aliyasema hayo kwa Kiingereza, kisha akayarudia kwa Kinyambo ili na wengine wasikie. "Uliniandikia kwamba unawaheshimu mababu zangu. Ndio hawa. Ukiwatoa, baba zangu watapitia wapi kuzaliwa?"

Bibi Costansia alitaka kuelezwa mgeni amesema nini. Alipoelezwa, akamwomba Mutalemwa amwulize Halvard yeye ni nani. Halvard alinyooka. Jambo hili alilijua vizuri. Aliwataja baba zake mpaka mbali sana, majina mazito kama mawe, watu wakaguna kwa heshima. Bibi naye alivutiwa. Akauliza mama zao. Halvard akamtaja mama yake, na bibi yake. Hapo akasimama. Alisema hao wengine hawakuandikwa.

Bibi alimtazama kwa huruma ya kweli.

"Maskini," alisema. "Ukoo wa wanaume watupu. Nani aliwanyonyesha?"

Kicheko kilichobanwa tangu asubuhi, tangu lubisi ilipomwagika, kikatoka chote. Mutalemwa naye alicheka, kanzu imemgandia kifuani. Halvard aliomba atafsiriwe, na Mutalemwa akamtafsiria, kwa sababu siku hiyo alikuwa ameshaamua kutafsiri kila kitu. Halvard alikuwa mwekundu mpaka shingoni. Alisema kwa utulivu kwamba hawajamwelewa, akaingia ndani kupanga mizigo yake.

Mutalemwa aliliacha duara akaenda kwenye mibuni. Alimwambia Niyigena kwamba alimkosea, na alimkosea mbele za watu, kwa hiyo anaomba radhi mbele za watu. Akamwomba arudi kwenye ngoma.

"Nimekusikia, mzee," alisema Niyigena. "Lakini leo nimekuja kama bodaboda. Nikipiga ngoma, Bibi ataniambia nimpunguzie nauli." Akafikiri. "Mkutano ujao nitakuja kama mimi."

Xaveria alikuwa anatazama mbele, bakuli mkononi.

"Mama Mwesiga," Mutalemwa alianza.

"Nyasi umezitandika vibaya," Xaveria alimwambia. "Wazee watadhani wamelazwa kwa kuku."

Hakuingia duarani siku hiyo. Sherehe iliisha vile ilivyoanza, ovyo ovyo, ingawa lubisi yenyewe ilikuwa nzuri na hakuna aliyeondoka mapema.

Kesho yake Halvard aliaga kwa adabu, akampa kila mtu mkono. Xaveria alimfungia senene kwenye kopo la maziwa ya unga, na kwa jinsi alivyolipokea kopo lile ungesema hapo ndipo alipokaribia kubadili mawazo. Baadaye aliandika ujumbe mmoja mrefu kwamba yeye bado anaamini anachoamini, lakini amekuwa akimwuliza mama yake maswali. Mutalemwa alijibu kwa heshima, akampa salamu za Bibi Costansia. Hawakuandikiana tena sana.

Mfugaji wa maziwa alirudishwa kwa safari mbili za kumbembeleza, na bado huja akiwa amenuna kidogo. Niyigena alikuja kama alivyoahidi. Wanawake ndio waliomwekea sharti: baba watajwe kwa ngoma atakavyo, ila mama wakianza, mikono ipumzike. Alikubali, na kwa mzaha alidai kwamba Nyirabashumba wa Gisaka ni ndugu yake na kwa hiyo yeye ni mjomba wa wote waliopo. Mpaka leo wapo wanaomwita mjomba.

Xaveria alirudi kibandani kwa wakati wake mwenyewe, bila kuombwa tena. Asubuhi moja Mutalemwa alisikia ufagio nyuma ya nyumba, na sauti ya mkewe ikizungumza Kihaya. Alikaribia migomba, akasimama. Xaveria alikuwa akiwasimulia wazee habari yote tangu mwanzo, bila kuruka kitu: mgeni, sheria, kichwa kilivyogonga mwamba. Alipofika kwa Kokutona wa Ihangiro alishusha sauti, akazungumza naye peke yake, mambo ya kwao. Mutalemwa hakusikia ni nini. Alirudi nyuma polepole asikanyage majani makavu, akaenda kuchemsha chai mwenyewe.

Krismasi waliisherehekea Muleba. Mutalemwa alikuwa amekwenda huko mara nyingi kama mkwe, akila na kuondoka. Safari hii aliomba aonyeshwe makaburi ya kina Xaveria. Shemeji yake, Elipidius, alimpeleka nyuma ya kanisa, kwenye misalaba ya saruji, akamwangalia kwa wasiwasi kidogo, maana alikuwa amesikia habari za vibanda na pombe. Mutalemwa aliuliza hili ni la nani, na lile ni la nani, na mama yake huyu alitokea wapi. Elipidius alijibu mawili, la tatu hakulijua, ikabidi aitwe shangazi mmoja kutoka jikoni. Shangazi alikuja na mwiko mkononi. Alipoanza kueleza, alieleza sana, mpaka ndizi zikaungua na watoto wakatumwa mara kadhaa kumwita. Naye Mutalemwa alikuwa amekunja suruali, amepiga magoti, anang'oa magugu kwenye kaburi la bibi yake Xaveria, akiuliza tena pale ambapo hakusikia vizuri.